Kasri la Shemeji, Ngome Yangu

Mume wa dada yangu ni Mjerumani, na sina ugomvi na Wajerumani kwa jumla. Ugomvi wangu ni na neno lao moja, Schloss, ambalo kwa miaka nimemsikia shemeji akilitamka kama mtu anayekohoa huku anatabasamu, na ambalo lilininyima kitu nisichoweza kurudishiwa. Mimi ni mpokea wageni kwenye hoteli ya kawaida hapa Al Mankhool, Dubai. Wageni wa Kijerumani wanakuja na vitabu vyao vya safari, wanavisahau pale kaunta, na nikiliona neno hilo juu ya jalada nakigeuza kitabu kifudifudi. Wenzangu wanadhani nina kichaa kidogo. Waache wadhani.

Ilianza kwa picha. Mama alikuwa amepelekwa Ujerumani kutibiwa figo, akakaa kwa dada. Shemeji alikuwa amestaafu kazi yake ya kutengeneza lifti, na mstaafu mwenye gari, kamera na mama mkwe asiye na pa kwenda ni hatari tupu. Kila Jumapili mama akivalishwa koti kubwa juu ya kanga na kupelekwa kuona majengo ya kale, na kila Jumapili jioni mimi nikiletewa picha. Ya kwanza ilikuwa nyumba ndefu ya rangi ya manjano, madirisha hayahesabiki, mbele yake bustani ya miti iliyokatwa mviringo, na mama katikati amekunja uso kwa baridi. Chini shemeji ameandika kwa Kiingereza kwamba mama yuko kwenye castle.

Nikamjibu kwa adabu tu: palace nzuri sana. Akanijibu saa ile ile, kabla hata sijaweka simu chini: siyo palace, ni castle.

Sasa mimi Kiingereza changu nilifundishwa na mwalimu mwenye fimbo, na vitu vilivyoingia kwa fimbo havitoki. Castle ni ngome, palace ni kasri. Ngome ina kuta nene, matundu ya mizinga na askari wenye njaa. Kasri lina mazulia. Nyumba ile ya manjano mwizi angeingia kwa dirisha lolote alipendalo, tena angepata shida ya kuchagua. Nikamwandikia hivyo hivyo.

Jioni yake akanipigia kwa video, miwani imeshuka puani, tayari kwa somo. Alieleza kwamba kwao kuna Burg, ambayo ni jengo la vita, la mawe, juu ya kilima. Kuna Schloss, ambalo ni makazi ya mtu mkubwa aliyechoka kuishi ndani ya Burg na sasa anataka madirisha na bustani. Na kuna Palast. Hapo alipunga mkono kama anafukuza nzi. Palast ni la masultani na Waingereza, au jumba la sinema. Hakuna Mjerumani mwenye heshima zake, alisema, anayeenda matembezi ya Jumapili kwenye Palast.

"Haya," nikamwambia, "Burg kwa Kiingereza ni nini?"

"Castle."

"Na Schloss?"

"Castle."

"Shemeji, umenitenganishia vitu viwili nusu saa nzima ili uje uvirudishe kwenye neno moja?"

"Kiingereza ni maskini," alisema kwa huruma. "Siyo kosa ya mimi."

Nikamtolea mfano wa karibu nami, ile ngome ya zamani ya Bur Dubai, ambayo kutoka kwangu ni mwendo wa miguu: kuta za mawe ya matumbawe, minara, mizinga mlangoni. Hiyo, nikamwambia, ndiyo castle, wala huhitaji kamusi. Naye akatafuta kwenye mtandao akanitolea wake, hoteli moja kubwa ya ufukweni, mbele huko kupita Marina, yenye makuba na chemchemi na mitende iliyopangwa mistari. Hilo, akasema, ni Schloss safi kabisa, kwa hiyo castle. Nikamwambia hilo halina hata ukuta wa kumzuia mbuzi.

Dada, badala ya kunitetea, akachomoza kichwa pembeni akicheka. "Wewe mtu wa Kilwa ndiyo wa kuongea? Kule kwetu Husuni Kubwa ni nini? Husuni maana yake ngome, na aliyeishi mle ni sultani na hodhi lake la kuogea. Na ngome yenyewe, ile yenye minara, sisi tunaiita Gereza."

Kweli tupu, na ndiyo maana iliniudhi zaidi. Kwetu kasri tumeliita ngome, na ngome tumeiita jela, na hata hilo neno gereza waliosoma wanasema Wareno walilitumia kwa kanisa. Lakini mtu akiwa katikati ya ubishi hawezi kurudi nyuma kwa sababu ya Kilwa. Nikasema Kilwa ni jambo jingine.

Nyuma yao ikasikika sauti ya mama: "Na mimi chai yangu imepoa."

Ubishi huo ulidumu miaka. Ukawa kama salamu yetu. Hujambo, sijambo, kisha castle. Alikuwa akinitumia picha za majengo bila neno lolote, na mimi namjibu kwa neno moja tu, kasri au ngome, naye anarudisha alama ya mshangao. Sikuwahi kumwona mtu yule ana kwa ana, ila nilikuwa namjua kwa ukaidi wake, na nadhani yeye hivyo hivyo.

Kisha dada akapiga simu bila shemeji. Madaktari wamesema figo za mama zimefika mwisho, mashine ya kusafisha damu haimsaidii tena, moyo wake hauwezi kuibeba. Wamesema arudishwe kwake. Dada alilisema hilo kwa sauti iliyonyooka kabisa, kama anasoma tangazo, na mimi nikalisikiliza hivyo hivyo nikiwa nimeegemea kaunta, mgeni mmoja anangoja funguo.

Nilimwomba sir, meneja wetu, ruhusa ya kwenda nyumbani. Akasema inshallah, mwaka ujao, likizo yako ikifika. Nikamweleza tena. Akasema khalas, imekwisha, huu ni msimu wa wageni. Ndege yao, lakini, ilikuwa inapitia Dubai, na kati ya ndege na ndege palikuwa na saa chache za mchana. Sir akanipa mchana huo. Hizo ndizo saa zote zilizonibakia na mama yangu, nilijua, dada alijua, na nadhani mama mwenyewe alijua, maana ndiye aliyekataa tuonane uwanja wa ndege. "Sitaki kukuona penye mizigo," alisema. Dada akahangaika mpaka mama akapata viza ya kupita, watoke nje, wakae mahali pazuri. Kwangu nilisema wasije, mafundi wanapaka rangi. Shemeji akasema tumwachie yeye, ataamua pa kukutana.

Asubuhi ya siku yenyewe, wanapanda ndege, ujumbe wake ukaingia. Kwa Kiingereza: tukutane kwenye castle, mama atapapenda, pana kivuli na maji.

Nikamwuliza castle ipi.

Akajibu: ile tuliyobishania.

Simu ikazimwa, ndege ikaruka. Na mimi hapo nimesimama bafuni na mswaki mdomoni. Tulibishania mbili! Tangu siku ile ya kwanza, mbili! Nilimpigia, haipatikani. Nikamwandikia dada, alama moja tu, haijafika. Hapa kwetu simu za mtandaoni hazipiti ila kwa programu moja ya kulipia, ujumbe unapita pale tu mtu akiwa na mtandao, na laini ya dada ya Ujerumani haifanyi kazi huku, tena kwa haraka ya kumtoa mama hakuunganisha mtandao wa uwanja wa ndege. Ikawa ni mimi na lile neno.

Nililifikiri kwa makini, Mungu anajua. Aliyeandika ni nani? Ni shemeji. Castle kinywani mwa shemeji ni nini? Ni Schloss. Mtu yule alitengeneza lifti maisha yake yote, na neno akishalipandisha ghorofa yake halishuki. Kivuli na maji: mitende na chemchemi. Nikajiambia leo siyo siku ya kumshinda mtu. Leo nitamsoma kama anavyojisoma yeye, nitaenda kwenye kasri lake, na nikifika nitaliita castle mbele ya mama ili siku iwe njema. Nikaona nimekua kiakili.

Nikapanda treni mpaka upande wa Marina, nikachukua teksi mpaka kwenye yale makuba. Niliwahi. Ukumbi wenyewe ulikuwa na baridi ya kukausha koo na maua marefu kuliko mimi. Askari wa mlangoni alikuwa Mkenya, akanitambua kwa salamu.

"Sister, unawait nani? Supervisor ashauliza."

"Mama yangu. Anapita tu, anaenda nyumbani."

"Haya basi, kaa kwa hii kiti yangu huku. Ukikaa kwa zile sofa watakuletea menu, na hiyo menu, aki, utajuta."

Nikakaa kwenye kiti chake. Kila teksi iliyoingia niliinuka. Zilishuka familia, mabwana harusi, mbwa mmoja mwenye koti. Nilianza kukasirika taratibu, kwanza na ndege, kisha na watu wa viza, kisha na shemeji kwa mpangilio wake wa kila kitu. Nikamlaani kimoyomoyo kwa Kiswahili chepesi na kizito. Askari akaniletea maji kwenye kikombe cha karatasi, akaniambia labda kuna jam.

Ndipo simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Uko wapi wewe?" Dada. "Tumeazima simu ya watu."

"Nipo kasrini! Nyinyi mko wapi?"

"Kasri gani? Tupo ngomeni, kando ya mkono wa bahari! Tumekaa mpaka mama amechoka. Si hapa karibu na kwako?"

Nyuma yake nilimsikia shemeji akisema castle, castle, kama mtu anayeita paka aliyepotea.

"Mama anataka kulala," dada alisema. "Hawezi tena kukaa. Nampeleka kwako, jengo nalijua kwa anwani ya vile vifurushi ninavyokutumia. Wewe njoo."

"Usiende kwangu! Wanapaka rangi!"

"Wacha wapake," akasema, na mwenye simu akaichukua simu yake.

Teksi niliipata upesi. Barabara ndiyo haikupatikana. Mbele huko lori lilikuwa limelala ubavu, njia zote zimeminywa kuwa moja, na sisi tukasimama kwenye lami inayochemka, magari ya fahari na mabasi ya mafundi bega kwa bega. Dereva, Mpathani mtu mzima, akazima redio kwa heshima alipoona nalia. Sikuwa nalia kwa huzuni. Nililia kwa hasira, kwa sababu mchana ule, kama ningetoka mlangoni kwangu nikiwa na ndala na kanga, ningetembea tu, ningemkuta mama amekaa chini ya ukuta. Nilimpa mgongo kwa treni nikienda kumtafuta mbali.

Bado tuko pale pale, akanipigia mwenzangu wa chumbani, Mkenya anayeuza kwenye duka la simu huko Karama.

"Wametoka saa hii. Yule mzee amesema check-in itafungwa. Nimemshow angoje, amekataa. Aki pole."

Nikamwambia dereva tupitilize, uwanja wa ndege, yalla. Akaitikia kwa kichwa, kisha tukaendelea kusimama.

Nilipoingia ukumbi wa kuondokea, mtu mmoja mrefu wa kizungu alikuwa amesimama peke yake karibu na mahali abiria wanapoachana na wasindikizaji, mkoba mgongoni, anaangalia kila mwanamke mweusi anayepita. Alinijua kabla sijamjua.

"Shemeji," alisema. "Mama amekwenda ndani. Mtu wa kusukuma kiti cha wagonjwa hangoji. Dada amekwenda na yeye. Mimi nimebaki kukuambia."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yakatoka yote kwa mkupuo. Nikamwuliza ana akili gani. Nikamwuliza miaka yote hii si ni yeye aliyekuwa akinipigia kelele kwamba castle ni Schloss, Schloss ni nyumba ya madirisha, sasa leo, leo hii, imekuwaje castle ikawa ngome?

Alivua miwani akaishika mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea kuliko kwenye simu.

"Kwa mimi, castle ni Schloss. Ndiyo. Lakini ujumbe ulikuwa wa wewe. Kwa wewe, castle ni ngome. Nikasema, leo sibishani. Leo natumia neno la wewe."

Nikamwambia kwamba na mimi nilisema hivyo hivyo, nikasoma kwa maana yake. Ilimchukua muda kuelewa, nikamwona inavyomfika, kwanza machoni kisha mabegani. Muda wote ule hakuna aliyekubali kushindwa, tukaja kuchagua siku ile moja kushindwa wote wawili.

"Samahani," alisema. Nikasema na mimi samahani, kwa sauti ya mtu ambaye bado anataka kumpiga. Wakatangaza ndege yao. "Amelala kwa kitanda ya wewe," aliniambia akirudi kinyumenyume. "Amelala vizuri." Kisha akakimbia, mzee mzima na mkoba unarukaruka mgongoni, na nikampoteza kwenye watu.

Nikarudi Al Mankhool. Hakukuwa na rangi wala fundi, hakujawahi kuwa na fundi. Mama siku zote nilimwambia nina chumba changu chenye dirisha. Chumba ni cha wanne, vitanda viwili vya ghorofa, kila mtu na pazia lake, na dirisha liko upande wa wenzangu. Changu ni cha chini, nyuma ya mlango. Ndicho nilichokuwa nakificha, na ndicho walichokikuta.

Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, bado na sare ya kazi. Alisema mama hakutaka chai wala maji. Aliuliza tu ni kipi changu, akavua viatu mwenyewe, akajilaza.

Pazia langu lilikuwa wazi. Shuka limenyooshwa, kona zimekunjwa vile mama anavyozikunja, nami sijawahi kuziweza. Palinukia mafuta yake ya karafuu ya kukandia miguu. Mto wangu haukuwa mahali pake. Ulikuwa umewekwa upande wa pili, miguuni, na katikati yake pamebonyea.

"Ni mum yako ameutoa huko," mwenzangu akasema. "Nilimwambia wewe hulala kichwa huku, akasema hapana."

Sikukaa kitandani. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kwa sababu sikutaka pale palipobonyea painuke. Nikiwa hapo sauti ikaingia kwenye simu, dada ameituma mlangoni mwa ndege kwa mtandao wa uwanja. Ilikuwa ya mama, na nyuma yake watu wanaitwa wapange foleni.

"Mwanangu, nimepaona unapolala. Ungeniambia, ningekuletea shuka zito. Ile mashine ya baridi inakupuliza utosini, ndiyo maana kila ukinipigia una mafua. Nimekuhamishia mto, usiurudishe. Wala usimgombeze shemeji yako. Nilijilaza kidogo tu nikusubiri, usingizi ukanipitia. Nilipoamka wakasema muda umekwisha. Sikukusudia kulala, mwanangu."

Mama alizikwa Kilwa Masoko, likizo yangu bado haijafika. Shemeji ndiye aliyenipigia, na siku hiyo tulizungumza Kiswahili kibovu mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Mimi nalala kichwa kikiwa upande alioniwekea yeye, na mafua sijapata tena.